Kitunda cha kiazi ambacho watoto wanachezea

Leo siandiki juu ya kutafuta kazi. Naandika juu ya kitunda kimoja cha kijani, kidogo, kinachofanana na nyanya changa. Mwenye kukulia Kipese anakijua: kinatokea juu ya mmea wa kiazi, kisha maua kuanguka. Tulikuwa tunarushiana tukitoka masomo. Hakiliwi, kina sumu, basi wakubwa hawakukihesabu kuwa kitu. Na mimi nilipata lisanse ya agronomia bila kukipanda hata siku moja.

Mwaka juzi tulikimbia kwenda Butembo. Viazi vya mbegu vilibaki kwenye ghala. Tuliporudi, ghala lilikuwa tupu. Ndani ya shamba kulikuwa tu viazi vichache vilivyojiotea kwenye majani, na juu ya viwili nikaona vile vitunda. Hapo nikakumbuka historia niliyokuwa nimeisoma haraka haraka juu ya mtihani.

Kwa kawaida tunapanda kiazi kwa kiazi. Maana yake mtoto ni sawasawa na mama. Aina ikiwa nzuri, unabaki nayo. Lakini ugonjwa ukiweza kuangusha mmoja, unaangusha wote. Ndivyo ilivyokuwa Ireland kuanzia 1845: mildiu, ile ile inayochoma majani kwetu mvua ikizidi, iliharibu viazi, na watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa.

Ugonjwa huo ulifika Marekani pia. Kule Utica, jimbo la New York, mhubiri mmoja, Chauncey Goodrich, alifikiri viazi vya kwao vimechoka. Mwaka 1851 akapata viazi vya Amerika Kusini, akapanda mbegu za vitunda vyake, na 1853 akapata aina aliyoiita Garnet Chili. Mwaka 1861 mkulima wa Vermont, Albert Bresee, akapanda mbegu za Garnet Chili, akapata Early Rose. Mhubiri na mkulima: hakuna kati yao aliyekuwa na laboratwari.

Early Rose ilikuwa na shida moja: karibu haikuzaa kitunda. Basi kijana Luther Burbank alipoona kimoja ndani ya bustani ya mama yake, Massachusetts, alikuwa anakiangalia kila siku. Siku moja akakuta hakipo. Alitafuta chini, siku baada ya siku, mpaka akakipata. Ndani mlikuwa mbegu 23. Alizipanda mwaka 1872, akiwa na miaka 23, bila kupita chuo kikuu. Zote zikaota, na kila mmea ukaja na sura yake. Akachagua mmoja. Mwaka 1875 aliuza kiazi hicho kwa mfanyabiashara wa mbegu kwa dola 150, akahamia California. Kutoka humo ndimo kulitoka Russet Burbank, kiazi ambacho mpaka leo Wamarekani wanakikaanga sana.

Mtu atasema: hiyo ni Marekani. Basi tuje karibu. Mwaka 1988, kule Rwanda, watafiti wa kituo cha Rubona walianza kuita wamama wakulima wachague wenyewe maharagwe ndani ya mashamba ya majaribio. Wamama hawakuangalia mavuno peke yake. Waliuliza: hii itavumilia kivuli cha migomba? Itafanya nini kwenye udongo uliochoka? Kisha kupanda walichochagua kwao nyumbani, kuna mahali mavuno yalipanda hadi asilimia 38. Tuseme ukweli: mama zetu wanaochambua maharagwe uani, hii waweke kando kwa mbegu, ile iende chunguni, kazi yao ni hiyo hiyo.

Narudi Kipese. Niliponda vitunda, nikaosha mbegu, nikaanika kwenye karatasi. Mama akacheka: "Ile iko ya batoto kuchezea. Weye na lisanse yako!" Nilipanda ndani ya sanduku la mbao. Miche 61 iliota. Mildiu ikaja, nikaacha kupuliza dawa makusudi. Ikabakia tisa. Viazi vya kwanza vilikuwa vidogo kama maharagwe, mama akacheka tena. Msimu wa pili nilibakisha mitatu. Mmoja mama aliupika, akanyamaza kidogo, kisha akaenda mwenyewe kufunga kamba nyekundu kwenye mmea wake, ili mtu asiung'oe.

Sijui bado kama utafika msimu wa tano. Burbank alipanda 23 akapata mmoja. Wengine wanapanda maelfu wasipate kitu. Lakini jambo moja nimelishika. Anayekimbia hawezi kubeba gunia la viazi. Mbegu za vitunda, mia na zaidi, zinaingia ndani ya karatasi iliyokunjwa, na zikikauka vizuri zinakaa miaka. Karatasi yangu iko mfukoni mwa koti, pamoja na kadi ya mpiga kura.

Mwenye shamba la viazi mwezi huu, apite atazame juu ya mimea mbele ya watoto kufika.