Rose Chibambo: Waziri Aliyekuwa Mkimbizi

Katika toleo hili tunaomba msomaji aitazame noti ya kwacha 200 ya Malawi. Hutumika sokoni Lilongwe na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ambako Kiswahili huwaunganisha Wakongo, Warundi na wengineo. Mama aliyechorwa humo tangu 2012 ni Rose Chibambo, mzaliwa wa Mzimba.

Katika miaka ya 1950, yeye na Vera Chirwa waliwaunganisha wanawake kulipinga Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lililoundwa mwaka 1953. Hali ya hatari ilipotangazwa Machi 1959, wakoloni walimchelewesha kidogo tu kwa kuwa alikuwa mjamzito. Siku chache baada ya kujifungua, alipelekwa gereza la Zomba pamoja na mtoto wake mchanga.

Uhuru ulipokaribia alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kupata wadhifa wa uwaziri. Hakudumu. Septemba 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru, Dkt. Banda alimfukuza pamoja na mawaziri kadhaa, akiwemo Kanyama Chiume aliyesomea Tanganyika na baadaye kukimbilia huko huko. Mama Chibambo alikimbilia Zambia, akaishi ugenini takriban miaka 30.

Dzaleka nayo ina historia yake. Enzi za Banda palikuwa gereza la wapinzani wa kisiasa. Katika Kichewa, *ndidzaleka* ni "nitaacha", maneno ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Mrundi hahitaji kutafsiriwa sana, kwani kwao *kureka* ni kuacha. Mwaka 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi. Mwaka huo huo Mama Chibambo alirejea nyumbani, na Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi.

Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warudi kambini, ingawa kambi ilikwisha kufurika. Wako waliosema kwamba wakimbizi ni mzigo wa wageni. Sisi tunaofundisha lugha yao tunasema ukimbizi si jambo geni Malawi. Sura yake imo katika noti yao.

Mama Chibambo alifariki Januari 2016. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika.