Indiketa za Pikipiki na Ufundi Wake

Indiketa zilichelewa kufika kwenye pikipiki. Kwa miongo mingi ya mwanzo pikipiki nyingi zilitegemea magneto, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, umeme ulikuwa haba, na dereva alionyesha aendako kwa mkono. Katika nchi zinazopita kushoto mwa barabara, kama Kenya, Uganda na Tanzania, ishara hiyo ilikuwa ya hatari hasa mtu alipokata kulia. Hapo huvuka njia ya magari yanayomjia, na mkono aliopaswa kuunyoosha ndio huohuo unaoshika mafuta na breki ya mbele.

Honda Super Cub C100, iliyotoka Japani mwaka 1958, ilisaidia kuzifanya indiketa kuwa kitu cha kawaida hata kwenye pikipiki ndogo. Klachi yake ilijiendesha yenyewe na swichi ya indiketa iliwekwa kulia, ili mpeleka chakula abebe mzigo kwa mkono wa kushoto. Umeme wake ulikuwa volti 6 tu. Baadaye volti 12 zikaenea, na mwanga ukaongezeka.

Tangu hapo ufundi wa taa hizi umeifuata flasha, yaani kifaa kinachokata na kurudisha umeme ili taa iwake na kuzimika. Flasha za zamani zilifanya kazi kwa joto: mkondo ulipita kwenye bamba la metali mbili zilizoshikamana, bamba likapata moto, likapinda na kukata umeme, lilipopoa lilirudi na taa ikawaka tena. Kanuni za kimataifa zinataka taa iwake mara 60 hadi 120 kwa dakika. Kwa kuwa flasha hiyo ilitegemea mkondo wa balbu, balbu moja ikiungua mwendo uliharibika: taa iliyobaki iliganda ikiwaka, au ikaharakisha kupita kiasi. Fundi mzoefu alitambua tatizo kabla ya kushika bisibisi.

Bodaboda zilizaliwa mpakani Busia zikiwa baiskeli za kubeba abiria. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zilipojaa Afrika Mashariki katika miaka ya 2000, kazi ya kutengeneza indiketa ilihamia kwa mafundi wa kando ya barabara. Pikipiki ikianguka, shina la indiketa mara nyingi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kugusa lami. Waya hukatika ndani ya ganda lake pale shingoni mwa usukani, kwa sababu usukani hugeuzwa mchana kutwa, na kwa macho waya huonekana mzima. Kutu nayo huziba ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia fremu. Balbu nyingi zimebadilishwa bure wakati kilichohitajika ni kusugua kutu na kukaza skrubu. Madereva wengine walichoka wakaendesha bila indiketa kabisa, na hiyo ni hasara kubwa, kwani anayewafuata nyuma hana namna ya kujua wanakata wapi.

LED zilileta sura mpya. Balbu mbili za wati 10 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 1.7, LED mbili za wati moja moja huvuta takriban sehemu ya kumi ya hapo. Flasha ya zamani ikipata mkondo mdogo hivyo hudhani balbu imeungua. Mafundi walianza kwa kufunga rizista sambamba na taa, njia inayofanya kazi lakini inayopoteza umeme kuwa joto. Flasha ya elektroniki isiyojali mzigo ni bora zaidi.

Hata hivyo, pikipiki nyingi zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, iliyounganishwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Umeme wa upande mmoja hupenya kwenye balbu hiyo ndogo kwenda upande wa pili. Balbu za zamani hazikuwaka kwa mkondo hafifu namna hiyo, lakini LED huwaka, na pande zote hucheza pamoja. Tiba yake ni dayodi mbili, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: kila waya wa indiketa huingia kwenye dayodi yake, ncha za kutokea za dayodi hizo huunganishwa pamoja kwenye taa ya dashibodi, na upande wa pili wa taa hiyo hupelekwa kwenye ethi.