Kitasa kinachomchongea mwizi

Wadau, jana nimerudi kazini usiku, ufunguo ukagoma mara mbili kabla ya kuzunguka. Nikamulika kwa simu: tundu la kitasa lina mikwaruzo mipya. Usingizi ukaisha, nikaanza kusoma historia ya vitasa.

Mwaka 1818 Jeremiah Chubb wa Portsmouth, Uingereza, alipata hataza ya kitasa kinachoshtaki. Mtu akikichokonoa akanyanyua kipande cha ndani kupita kiasi, kinanasa hapo hapo. Mwenye mali akija na ufunguo wake halali, kinamgomea, naye anajua kuna mkono wa mtu. Tangu maboresho ya 1824, aliuzungusha ufunguo kinyume kukinasua, kisha akafungua kama kawaida. Akili hiyo!

Waingereza wakatamba nacho miaka zaidi ya 30. Halafu 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani A. C. Hobbs akakifungua bila ufunguo mbele ya mashahidi. Na alisaidiwa na kile kile kinasio: kilipokuwa kikinasa, alijua amezidisha kunyanyua, anapunguza.

Cha kwangu hakishtaki, kinakwaruzika tu. Fundi kaahidi kuja kesho saa tatu asubuhi. Usiku huu nimeegemeza meza mlangoni.