Almasi ya Hope: Kidani cha Evalyn

Almasi hii ilichimbwa India. Ina uzito wa karati 45.52, na chembe za boroni ndizo zilizoipa rangi ya buluu.

Mwaka 1911 Pierre Cartier aliwauzia Evalyn Walsh, binti wa tajiri wa dhahabu, na mumewe Ned McLean, wa ukoo uliomiliki gazeti la Washington Post. Mali walijaliwa, raha ya ndoa wakaikosa. Ulevi wa Ned ulivunja nyumba. Evalyn aling'ang'ania kidani chake chenye almasi hii. Alikivaa karamuni, hata mbwa wake akamvisha.

Alifariki mwaka 1947. Wosia uliwawekea wajukuu vito, lakini madeni yakalazimu viuzwe.

Mwaka 1958 sonara Harry Winston, aliyevinunua, aliileta almasi hii hapa makumbushoni kwa posta. Sasa ni amana ya umma.