Kocha Huulizwa ya Leo

Zamani mpenzi wa soka wa Karagwe au Kyerwa alipotaka kuona ligi kuu, alisafiri hadi Bukoba, uwanja wa Kaitaba. Msimu wa 2012/2013 aliyefika hapo alimkuta mzee mmoja akiinoa Kagera Sugar. Vijana walimwona kocha tu. Baba zao walijua kuwa huyo ni Abdallah Kibadeni.

Tarehe 19 Julai, 1977, Simba iliichapa Yanga mabao 6 kwa 0. Kibadeni peke yake alifunga 3. Kwa siku hiyo moja anasifiwa hadi leo.

Alipotundika njumu akashika ukocha. Mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan ilitoka sare na Stella bila kufungana. Marudiano Dar es Salaam, ikalala 2 kwa 0 mbele ya watu wake. Kuifikisha timu fainali ya Afrika ni kazi kubwa, lakini watu walikumbuka kombe lililoponyoka.

Kagera Sugar chini yake ilimaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Simba ikamchukua mwaka 2013, na kabla mwaka haujaisha ikaachana naye.

Ndugu zangu, mchezaji hulipwa sifa kwa ya jana. Kocha hudaiwa ya leo. Tukiwafukuza walimu kila baada ya miezi michache, nani atatufundishia vijana wetu?