Kadiri ya Gharama katika Kukusanya Sarafu za Kale

Kukusanya sarafu za kale kumeitwa burudani ya wafalme, na jina hilo lina madhara yake. Humfanya mtu wa kipato cha wastani adhani kwamba shughuli hii haimhusu, na humfanya tajiri adhani kwamba kwake haina mpaka. Wote wawili hukosea, kwa kuwa hupima kwa kipimo kimoja, nacho ni uzito wa mfuko. Historia ya wakusanyaji yatufundisha kipimo kingine.

Tukianza mbali, Suetonius aeleza kwamba Kaisari Augusto alikuwa na desturi ya kuwatunukia watu katika sikukuu sarafu za wafalme wa zamani na za nchi za kigeni. Katika karne ya 14, mshairi Francesco Petrarca alikuwa akiletewa sarafu na wakulima waliozifukua katika mashamba ya mizabibu ya Roma. Wengine walitaka anunue, na wengine walitaka awaambie tu uso uliochorwa ni wa nani. Mwaka 1354, alipokutana na Kaisari Charles IV mjini Mantua, alimtunukia baadhi ya sarafu zake ili atazame sura za watawala aliowarithi na kuiga mwendo wao mwema. Kwa Petrarca, kila sarafu ilikuwa na kazi, na fedha iliyotolewa kwa ajili yake ilifuata kazi hiyo.

Sasa na tumtazame mfalme aliyenunua bila kadiri. Farouk wa Misri alikusanya sarafu na nishani zipatazo 8,500, pamoja na vitu vingine vya thamani visivyo na hesabu. Miongoni mwa sarafu zake ilikuwamo moja ya dhahabu ya dola 20, ya mwaka 1933. Marekani ilikuwa imefua sarafu 445,500 za namna hiyo, lakini kwa sababu Rais Roosevelt alikuwa ameondoa dhahabu katika matumizi ya watu, hazikutolewa, na karibu zote zikayeyushwa. Chache ziliponyoka, na moja ilimfikia Farouk mwaka 1944. Mwaka 1952 alipinduliwa; mwaka 1954 mali yake ikanadiwa Cairo. Serikali ya Marekani iliomba sarafu ile isiuzwe. Ikaondolewa mnadani, kisha ikatoweka. Ilionekana tena New York mwaka 1996, ikauzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7.5, na mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 18.8.

Wako wasemao kwamba bei hizo ni ushahidi kuwa sarafu ni akiba njema. Lakini faida yote hiyo haikumfikia Farouk, aliyefariki uhamishoni mwaka 1965. Sarafu yaweza kupanda bei baada ya miaka 50. Njaa ya nyumbani haingoji hata siku 2. Anayenunua sarafu kwa fedha ya chakula au ya ada ya watoto, kwa kutumaini kuiuza ghali kesho, ameacha ukusanyaji na kuingia katika kamari.

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Virgil Brand, mtengenezaji wa bia wa Chicago, alilishika neno hilo pasipo kulisikia. Tangu mwaka 1889 aliandika katika daftari kila sarafu aliyoipata, na alipofariki mwaka 1926 alikuwa amekusanya zaidi ya 350,000. Ndugu zake walizirithi, nazo zikauzwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Habari haikupotea, ila mkusanyo ulitawanyika. Daftari humwambia mtu alichotoa. Halimwambii kama ilifaa akitoe.

Neno hilo hutoka katika lengo. Louis Eliasberg wa Baltimore alijiwekea shabaha ya kupata sarafu moja ya kila aina, kila mwaka na kila kiwanda katika sarafu za Marekani. Mwaka 1942 alinunua mkusanyo mzima kwa dola 100,000, na mwaka 1950 akaikamilisha shabaha yake kwa kadiri ya sarafu zilizojulikana wakati ule. Alikuwa tajiri, naam, na dola 100,000 si kipimo cha mtu wa kawaida. Lakini shabaha yenye mwisho yamfaa hata asiye na kitu, kwa kuwa humpa mtu sababu ya kukataa. Ajuaye anachotafuta aweza kuipita meza ya muuzaji pasipo kutoa hata senti.

Upande wetu wa pwani, hesabu hii ina jambo moja zaidi. Sarafu za Kilwa nyingi ni vipande vidogo vya shaba. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kinacholingana na jina hilo. Kwa hiyo kila kipande kina vina vyake, kama ushairi. Sarafu ya Sultani al-Hassan bin Sulaiman, wa karne ya 14, ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Shaba yake haina bei kubwa, lakini pale ilipolala ni ushahidi wa uhusiano kati ya Kilwa na nchi iliyotoa dhahabu. Kadhalika huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ziligunduliwa sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za kutoka ng'ambo. Zilijulikana maana yake kwa kuwa zilibaki pamoja. Lau zingaliuzwa moja moja gizani, zingalikuwa mapambo tu.

Hapa ndipo gharama inapovuka mfuko wa mnunuzi. Fedha anayompa mtu aliyefukua magofu usiku ni ujira wa kufukua tena kesho. Tanzania Bara ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, lakini sheria haiwezi kulinda kila kaburi na kila ukuta iwapo wanunuzi hawajizuii.

Basi mkusanyaji na aanze kwa kutenga haki za nyumba yake. Katika kinachobaki, aweke kiasi kabla hajaiona sarafu, kwa maana jicho likishapenda, hesabu hulegea. Sehemu ya kiasi hicho na iende katika vitabu, kwani sarafu isiyosomeka ni chuma tu mkononi mwa mwenyewe. Na kwa sarafu ya kale ambayo muuzaji hawezi kueleza ilikotoka, bei yake ya haki, hata ikiwa ya dhahabu, ni sifuri.