Kujitoa Chuoni Baada ya Kuthibitisha: Hoja Kutoka Morogoro

Kijana wa kidato cha sita aliyechaguliwa na vyuo viwili, tuseme Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu Mzumbe, hutumiwa ujumbe mfupi wenye namba ya siri. Akiiingiza kwenye akaunti ya chuo kimoja, amethibitisha udahili wake huko na kuachia nafasi ya kule kwingine. Wiki chache baadaye wapo wanaotaka kujitoa, nao huitwa vigeugeu. Lawama hiyo haiwastahili. Wengi wao wametakiwa kuamua kabla ya kujua jambo ambalo uamuzi wenyewe unalitegemea: kama watapata mkopo.

Tatizo hili lina historia yake. Kuanzia 2010, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) iliendesha mfumo wa pamoja wa udahili, na mwombaji alipangiwa chuo kimoja tu. Mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba vyuoni moja kwa moja. Uhuru ukaongezeka, na jina moja likaweza kutokea katika orodha za vyuo kadhaa. Ndiyo maana kuthibitisha kukawa lazima.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo humpangia mkopo mwanafunzi ambaye chuo chake kimoja kimeshajulikana. Uamuzi unatangulia, fedha zinafuata.

Nyandira, juu milimani Mgeta, familia nyingi huishi kwa kabichi, karoti na njegere zinazoteremshwa kwenda kuuzwa Morogoro mjini na Dar es Salaam. Bei ikianguka, ada imeanguka nayo. Kwa Waluguru, ambao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mjomba ana neno zito katika mambo ya mpwa wake. Lakini wakikaa kikao mwezi Septemba, kabla majibu ya mkopo hayajatoka, watajadili nini hasa? Mkopo wa chakula na malazi ulipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa anayetafuta chumba cha kupanga Changarawe, karibu na Mzumbe, kuipata au kuikosa fedha hiyo ndiko kunakoamua kama atasoma.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Anayejitoa baada ya awamu ya mwisho ya udahili huacha kiti kitupu, na katika fani kama udaktari wa mifugo pale SUA, ambako maabara na mafunzo ya vitendo huweka mpaka wa idadi, kiti hicho kilikuwa na mwenyewe aliyekikosa. Hasara hiyo ni ya kweli. Ila inatokana na kuchelewa, na kuchelewa kunatokana na ratiba.

Kinachohitajika ni TCU na Bodi ya Mikopo kupanga kalenda zao pamoja: baada ya orodha ya kwanza ya mikopo kutangazwa, zitengwe siku chache za kujitoa bila adhabu, kabla awamu ya mwisho haijafungwa, na kila nafasi inayoachwa iende papo hapo kwa mwombaji anayefuata.